Sufuria Moja, Wanywaji Wengi: Kuacha Sukari Kalobeyei

Ushauri wa afya aghalabu hutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Mgonjwa huketi mbele ya mhudumu, akaambiwa apunguze sukari, akaitikia kwa adabu, kisha akarejea kwake. Katika makazi ya Kalobeyei, kaunti ya Turkana, anakorejea kuna sufuria moja ya chai. Maji, majani, maziwa yakiwapo, na sukari, vyote vimekwisha kuchemshwa pamoja, na wanywaji ni sita au wanane. Mgonjwa huyo afanyeje? Akikatae kikombe alichoandaliwa na shemeji yake? Aombe apikiwe peke yake, ilhali kuni zenyewe ni za kuhesabu? Ni wazi kuwa sukari ya mahali kama hapo haiachwi na mtu mmoja. Huachwa na sufuria nzima, ama haiachwi kabisa.

Kalobeyei ilifunguliwa mwaka 2016, kilomita chache kutoka kambi ya Kakuma iliyoanzishwa mwaka 1992, kwa nia ya kuwawezesha wakimbizi na wenyeji Waturkana kuishi na kufanya biashara bega kwa bega. Hapo wamekutana watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Kongo, kila taifa na mapishi yake. Msomali hutia iliki na tangawizi katika chai. Mturkana aliyezoea maziwa ya mifugo huyataka yatangulie majani. Linalowaunganisha ni utamu. Mgeni akimiminiwa chai isiyokolea sukari hujiona amepuuzwa, na mwenye nyumba huona haya. Hivyo anayetaka kuacha hupambana na ulimi wake na vilevile na heshima ya jirani.

Hata hivyo, ipo hoja nzito upande wa pili, nayo haifai kufunikwa. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu nne hivi, nazo humpa mtu takriban kalori 16. Kwa aliyeshiba hizo ni za ziada. Kwa mwenye njaa ndizo zinazomfikisha jioni. Mwaka 2025 mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa wakimbizi nchini Kenya ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Katika msimu kama huo chai tamu huwa ndiyo mlo. Kumhubiria mwenye njaa aache sukari ni sawa na kumvua mtu shuka usiku wa baridi kwa sababu shuka lenyewe limechakaa. Anayetoa ushauri huo sharti kwanza aseme ni nini kitakachojaza nafasi hiyo: maharagwe, maziwa ya mbuzi, au mboga za bustani za nyumbani ambazo baadhi ya familia hapo hulima.

Basi wanaoambiwa waache ni akina nani? Ni wale ambao utamu kwao umekwisha kuwa mazoea: mwenye duka, mwendesha bodaboda anayeshushia soda mandazi ya asubuhi, mtumishi wa ofisi huko Kakuma mjini au Lodwar. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25 hivi, yaani vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu vimekwisha kuumaliza mgao huo kabla ya saa nne asubuhi. Utafiti uliofanywa miongoni mwa Waturkana na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa wanaoishi kwa ufugaji wana afya njema ya moyo, ilhali wenzao waliohamia mijini wameanza kuonyesha dalili za maradhi kama unene na shinikizo la damu. Sukari si mshtakiwa pekee katika kesi hiyo, lakini imo kizimbani.

Lugha nayo imechangia kuvuruga mambo. Watu husema fulani "ana sukari", wakimaanisha kisukari. Jina la bidhaa likawa jina la ugonjwa. Matokeo yake ni kuwa asiyeugua hudhani hayamhusu, na anayeugua hudhani sukari ni sumu kwake wakati wote. Si kweli. Mgonjwa anayejidunga insulini hupaswa kuwa na sukari karibu, maana ile ya damu ikishuka kupita kiasi hutokwa jasho, akatetemeka, hata akazirai. Mtoto anayeharisha naye huokolewa na lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kwa hiyo sukari isifukuzwe nyumbani. Itolewe sufuriani.

Je, wenyeji na wakimbizi wanaweza kujinyima kwa pamoja? Wanaweza, na hufanya hivyo kila mwaka. Wakati wa Ramadhani hakuna anayemsogezea mfungaji kikombe mchana, na wakati wa Kwaresima aliyeacha nyama hasumbuliwi na jirani. Nguvu ya mfungo imo katika kujulikana kwake: kila mmoja anajua mwenzake anajinyima nini na hadi lini. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vina nguvu hiyohiyo. Wanakutana kwa siku maalumu, wanaaminiana kwa fedha, na wanajua deni la kila mmoja dukani. Deni hilo ni jambo la kutajwa. Sukari inayonunuliwa kwa vifuko vidogo, tena kwa mkopo, huwa ghali kuliko ya kilo, na kinachookolewa kwa wiki nne kikiwekwa kwenye sanduku la kikundi huonekana kwa macho. Karipio la daktari halina ushawishi wa namna hiyo.

Hatari ipo pia. Kikundi kinaweza kugeuka baraza la kuaibishana, na aliyeaibishwa hujificha hotelini akanywa vikombe vitatu badala ya kimoja. Waume wasiohudhuria wanaweza kudai chai yao ya zamani, na mpishi akajikuta kati ya ahadi mbili. Hayo yazungumzwe mapema, waume wakiwapo.

Kikundi cha namna hiyo hakihitaji ofisi wala mhuri. Kinahitaji bakuli la sukari likae kando ya sufuria, kijiko kimoja ambacho kipimo chake kinajulikana na wote, na mtu wa kuuliza siku ya mkutano ni nani aliyeshindwa. Aliyeshindwa asitozwe faini. Amiminiwe chai.