Maandalio ya Insha ya Fasihi Iandikwayo Darasani

Wanachuo wetu hutujia siku mbili tatu kabla ya insha ya fasihi iandikwayo darasani, nao huuliza swali lile lile: “Mkufunzi, tukariri nini?” Tukiwajibu kwamba warudie kitabu chenyewe, huondoka hawakuridhika. Muhtasari walionakili kwa waliowatangulia wanao tayari, umepangwa dhamira, wahusika, mandhari na lugha. Hudhani kazi imekwisha.

Haijakwisha. Tukitwae kitabu cha Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Muhula mmoja tuliuliza: Je, Karama anajitetea kwa hoja au kwa mifano? Karatasi nyingi zilituorodheshea wahusika, tangu Waziri Majivuno hata wajumbe sita, kila mmoja na sifa zake, kana kwamba tumeomba daftari la mahudhurio. Swali halikuguswa. Hali jibu lilikuwa wazi kwa yeyote aliyekisoma kitabu na kalamu ya risasi mkononi. Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na mema, wakalipwa kifungo. Mifano ndiyo hoja yake. Mwanachuo mmoja tu aliliona hilo, tena kwa ukurasa mmoja na nusu, na hati yake mbaya. Tulimpa alama za juu, na wenzake wakanung’unika.

Twashauri hivi. Mwanachuo achague matukio matano au sita, ayaeleze kwa maneno yake mwenyewe, sentensi moja moja. Ajitungie maswali, yenye “kwa nini” yazidi yenye “taja”. Kisha akae dakika 40, saa ikiwa mezani, ajibu moja. Dakika tano za mwanzo ni za kuandika dai lake na matukio yatakayolithibitisha, si za kuanza insha. Wengi huziona dakika hizo kuwa hasara, nao ndio hao wanaofuta aya nzima wakati kengele inalia.

Twalisisitiza jambo hili kwa kuwa karibuni watasimama mbele ya watoto. Mwalimu aliyefuzu kwa kukariri huandika majibu ubaoni, darasa likanakili. Tumeyaona hayo katika mazoezi ya kufundisha. Katika darasa moja la tano mtoto aliulizwa kwa nini Fisi alikubali kudanganywa na Sungura. Hakufikiri, aligeuka akatazama ubaoni, nao ulikuwa umekwisha kufutwa.