Seva Isiyosema Kiingereza Nayo Isikilizwe

Kila wodi ina kitabu cha ripoti. Muuguzi wa usiku huandika aliyepokelewa, aliyeruhusiwa na aliyebadilika hali. Wa asubuhi hukisoma kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote. Seva inayotunza majalada ya wagonjwa nayo ina kitabu chake, ambacho mafundi hukiita logi. Humo huandikwa anayeingia, anayekosea nywila na, mfumo ukipangwa ipasavyo, aliyefungua jalada la nani na saa ngapi. Mgonjwa akiuliza ni nani aliyesoma majibu yake ya VVU, jibu la kuaminika hutafutwa humo.

Hoja yangu ni kwamba kitabu hiki kisikusanywe kana kwamba seva zote duniani huzungumza Kiingereza. Si ajabu seva ya Windows iliyoko Bujumbura au Lubumbashi ikawa imewekwa kwa Kifaransa. Mtu akikisia nywila mara hamsini usiku wa manane, ujumbe wake utataja "échec", wala hautataja "failed". Tahadhari iliyopangwa kutafuta neno la Kiingereza haitalia. Wasimamizi watalala wakidhani kuwa ni shwari, kumbe mlinzi wao ni kiziwi.

Wanatiba tulikwisha kuuvuka mto huu. Daktari wa Dodoma huandika malaria na mwenzake wa Bukavu huandika paludisme, lakini katika Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la 10, malaria ya Plasmodium falciparum ni B50 kwa wote wawili. Windows nayo ina namba zake. Jaribio la kuingia lililoshindikana ni tukio namba 4625 katika lugha yoyote. Kundi la wasimamizi huitwa "Administrators" hapa na "Administrateurs" pale, ila kitambulisho chake hubaki S-1-5-32-544. Basi tahadhari zifuate namba, na maneno yaachiwe msomaji.

Jambo la pili ni herufi. Utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, huweza kubeba maandishi ya karibu lugha zote. Lakini seva ikiandika kwa UTF-8 na mkusanyaji akasoma kwa utaratibu wa zamani wa Windows-1252, "échec" hugeuka "échec". Mswahili asidhani kuwa hayo ni ya jirani tu. Majina yetu yenye ng' hubeba ritifaa, na machoni pa kompyuta ritifaa iliyonyooka si sawa na iliyopinda. Mtu mmoja huweza kuonekana wawili, na anayetafuta kwa jina akakosa sehemu ya ushahidi.

La tatu ni wakati. 03/04 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa Mmarekani. Tena saa ya Bujumbura iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Mwaka utangulie, kisha mwezi na siku, na tofauti ya saa za eneo iandikwe.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kuweka seva zote kwa Kiingereza. Sikubaliani nao. Anayepaswa kuelewa onyo saa nane za usiku ni mtumishi wa hapo hapo, na lugha anayoimudu ndiyo itakayomfanya achukue hatua mapema. Maandishi ya asili yahifadhiwe bila kuguswa, kwa kuwa ndiyo ushahidi. Tafsiri ije wakati wa kuyaonyesha.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zitabaki karatasini iwapo logi haisomeki. Kwa hiyo, kiongozi wa hospitali, kabla ya kupokea mfumo mpya, mwambie fundi akosee nywila kwa makusudi kwenye seva ya Kifaransa, kisha asajili jina lenye ng'. Onyo lisipofika, au jina likivurugika, usitie sahihi.