Usione Vyaelea

Mwaka juzi nilihudhuria kikao cha waumini wa kanisa moja la zamani huku kwetu. Sitalitaja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Kijana mmoja, msomi, alisimama akasema, "Wazee wangu, gofu hili la mkoloni livunjwe, tujenge la kisasa." Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Nimefundisha walimu miaka mingi, nami najua kwamba kosa kubwa huanza na neno dogo. Hebu tulipime neno hilo, "la mkoloni". Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka pwani na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakishika njia ya kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa. Mjerumani alikuwa hajaja kututawala. Waliokata miti na kusimamisha kuta ni watu waliokuwa wameuzwa kama mbuzi, sasa wanajijengea kwao. Hao ndio wakoloni?

Miaka hiyo hiyo, kule Unguja, Steere alikuwa akijenga Kanisa Kuu la Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipolifunga soko. Nenda ukalitazame, ndugu msomaji. Watakuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, wakisimulia kwamba mafundi walikosea askofu alipokuwa safarini. Wageni hucheka. Nami nauliza: mbona hawainui macho? Paa la kanisa lile ni kama pipa lililopasuliwa, limejengwa kwa matumbawe na saruji, bila boriti hata moja. Wapo waliotabiri kwamba litaanguka. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare, na paa lingali juu. Mikono iliyopindua nguzo ndiyo iliyoinua paa. Kosa la fundi tumelihifadhi. Jina lake tumelitupa.

Nitajibiwa kwamba waumini wameongezeka na kanisa la kale halitoshi. Ni kweli, sibishi. Basi jengeni jipya pembeni. Mwenye watoto wengi huongeza chumba. Hamfukuzi babu yake.

Lakini nadhani sababu yenyewe ni nyingine, nayo ni aibu. Wazee wa bibi yangu walikuwa miongoni mwa waliokombolewa. Nyumbani Newala jambo hilo lilinong'onwa usiku tu, kama kwamba aliyeuzwa ndiye mwenye hatia na si aliyeuza. Hawakutuachia shamba wala hati. Walituachia kuta. Tukizivunja, ni nani atakayeamini kwamba walikuwapo?

Kijana yule simlaumu. Sisi walimu tulimfundisha aandike jina la askofu apate alama, wala hatukumuuliza ni nani aliyebeba mawe. Deni hilo ni letu. Basi wazee waliobaki waulizwe sasa, majina yaandikwe, yabandikwe mlangoni pa kanisa. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza: vimeundwa na watu, na watu wana majina.