Mbili Mara Tatu Si Sita

Mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi hana budi kujiuliza swali moja kila amalizapo somo la vipimo: je, mtoto huyu atakitumia wapi kipimo hiki atakapotoka nje ya darasa? Kwa desturi sisi walimu hujibu kwa kutaja duka, shamba na soko. Makala haya yanadai kwamba tumesahau mahali pa nne, tena penye hatari kuliko hapo pengine pote, napo ni kwenye bahasha ya dawa itokayo zahanati.

Vipimo si jambo geni katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Unyanyembe kwenda Ujiji ilipima pembe za ndovu kwa farasila, nguo kwa mkono na doti, na nafaka kwa kibaba na pishi. Mkono wa mtu mrefu ulizidi mkono wa mtu mfupi, na asiyekuwa mwangalifu alipunjwa. Hata leo mkulima wa tumbaku wa Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma, huitazama mizani kwa makini siku ya soko. Ajua kwamba kilo moja iliyopotea ni fedha iliyopotea. Lakini mkulima huyo huyo akirudi nyumbani na dawa ya mwanawe, mara nyingi hakuna wa kuichunga mizani hiyo nyingine. Bahasha hupewa mtoto aliye shuleni aisome, maana bibi hakupata kusoma au macho yake yamefifia.

Hebu tuitazame bahasha yenyewe. Mtoa dawa huandika jina la dawa, kisha huandika "2 × 3". Akusudialo ni vidonge viwili, kutwa mara tatu. Mtoto naye amefundishwa kuisoma alama hiyo "mara", na amekaririshwa kwamba mbili mara tatu ni sita. Tena amefundishwa kwamba 2 × 3 na 3 × 2 ni mamoja. Darasani hiyo ni kweli tupu. Kwenye bahasha si kweli hata kidogo. Ikiwa vidonge hivyo ni parasetamoli ya miligramu 500, basi 2 × 3 ni gramu 1 asubuhi, gramu 1 mchana na gramu 1 usiku. Lakini 3 × 2 ni gramu 1 na nusu kwa mkupuo mmoja, ilhali kipimo cha juu cha mtu mzima kwa mara moja ni gramu 1. Na mtoto atakayejibu "sita" kama alivyofunzwa, akampa mgonjwa vidonge vyote kwa pamoja, amempa gramu 3. Jumla ya siku ni ile ile. Madhara siyo yale yale. Neno letu "mara" linafanya kazi mbili, na ni wajibu wa mwalimu kuzitenganisha.

Utata wa pili umo katika neno "saa". Tangu mwaka 2006 dawa mseto imekuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali katika Tanzania Bara. Dozi yake ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Kisha humezwa asubuhi na jioni hadi zitimie dozi 6 katika siku 3. Mgonjwa akimeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Lakini aliyesikia "saa 8" bila kutafakari ataimeza saa 8 mchana, yaani baada ya saa 4 tu. Hapo hakukosa bidii; alikosa kufundishwa kwamba saa ya kuhesabu muda na saa ya kutaja wakati ni vitu viwili.

Utata wa tatu ni kijiko. Kijiko cha chai katika hesabu za dawa ni mililita 5, na kile cha mezani ni mililita 15. Vijiko vya jikoni havikutengenezwa kwa hesabu hiyo. Dawa ya maji ya parasetamoli ya watoto kwa kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Anayechukua kijiko cha mezani badala ya kile cha chai humpa mtoto miligramu 360, yaani mara tatu ya alichoandikiwa.

Kuna pia vifupisho ambavyo mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji kuvikariri, lakini mwalimu wake yafaa avijue. Herufi b.d. na t.d.s. zimetoka katika Kilatini, maana yake ni mara mbili na mara tatu kwa siku. Herufi mg ni miligramu, na mcg ni mikrogramu, ambazo 1,000 hufanya miligramu moja. Anayezichanganya hizo mbili hukosea mara elfu. Nukta ya desimali nayo ina mtego wake: 5.0 ikiandikwa kwa haraka husomeka 50, na .5 husomeka 5. Mwaka 2004 Joint Commission ya Marekani, chombo kinachokagua hospitali, ilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa, na sifuri hiyo ya mwisho pamoja na nukta isiyotanguliwa na sifuri zimo. Ikiwa wataalamu huteleza hapo, mwalimu asiruhusu uzembe wa nukta katika daftari za darasa la tano.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya waganga na wafamasia, na kwamba tukiyafundisha tutazalisha watoto wanaojitibu wenyewe. Hoja hiyo ina uzito, nami nakubali kwamba dawa ziandikwe kwa maneno kamili, "vidonge viwili, kutwa mara tatu", ili zisihitaji kufumbuliwa. Lakini bahasha zenye alama tayari zimo majumbani, na sisi hatufundishi kutibu. Tunafundisha kusoma na kupima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vijijini kusikiliza redio na kujadili afya zao, bila kuwageuza waganga. Shule ina nafasi hiyo hiyo.

Basi, ndugu mwanachuo, utakapokuwa katika mazoezi ya kufundisha, fanya hivi. Usilete dawa yoyote darasani. Chora bahasha ubaoni. Andika 2 × 3 na 3 × 2, na umtake kila mtoto aieleze kila moja kwa sentensi kamili kabla ya kutaja jumla. Chora uso wa saa, na watoto watafute saa 8 baada ya saa 2 asubuhi, baada ya saa 4, baada ya saa 6. Wape bomba la sindano lisilo na sindano, jipya, lenye alama za mililita, wapime maji kwa vijiko vya nyumbani na kuandika tofauti wanazoziona. Mwishowe wafundishe jambo lililo kubwa kuliko yote: asiyeelewa bahasha asikisie, arudi kumwuliza aliyeiandika.

Somo hilo halihitaji zaidi ya vipindi viwili. Mtihani wake, hata hivyo, hufanyika nyumbani usiku, taa ikiwa hafifu na mgonjwa akiwa kitandani, na hakuna mwalimu wa kusahihisha.