Nani kakwambia Barra ni ya wikendi moja?

Kila ikikaribia Pasaka, simu yangu hapa Glasgow huanza kuita. Ni rafiki wa rafiki, yuko London au Birmingham, kaona picha ya mchanga mweupe wa ufukwe wa Luskentyre na sasa anataka kwenda "visiwa vile vya Waskoti wenye lugha yao". Hadi anipate mimi, keshashauriwa na watu watano, na wanne kati yao hawajafika hata kisiwa cha Skye, ambako kuna daraja. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi ushauri wanaopewa naujibu hapa.

"Unakwenda Jumamosi, unarudi Jumapili." Unakwenda wapi hasa? Na h-Eileanan Siar, yaani Visiwa vya Magharibi, ni mlolongo mrefu kutoka Lewis kaskazini hadi Vatersay kusini. Wanaoupita kwa baiskeli hukanyaga karibu kilomita 300 na kugusa visiwa 10. Vingine vimeunganishwa kwa matuta ya mawe yaliyokatiza bahari, vingine unavifikia kwa kivuko: dakika 40 kutoka Eriskay hadi Barra, saa nzima kutoka Berneray hadi Leverburgh. Na hapo hujahesabu bahari kubwa yenyewe. Ullapool hadi Stornoway ni saa mbili na robo tatu, Oban hadi Castlebay ni karibu saa tano. Ukishuka, barabara nyingi zina upana wa gari moja. Mkikutana, mmoja anajibana kwenye sehemu ya kupishana, mwingine anapita na kupunga mkono. Kondoo hawajibani.

Anayesema "basi nitaruka na ndege" aruke, ila ajue kuwa ndege ya Barra hutua ufukweni, Tràigh Mhòr, maji yakiwa yamekupwa. Njia za kutulia zimeonyeshwa kwa vigingi tu, na maji yakijaa zote zinafunikwa. Kwa hiyo saa za ndege hufuata bahari. Mtu wa Lamu au wa Pemba nikimwambia hivyo ananijibu "sawa". Wa Nairobi hunipigia mara tatu kuuliza mbona ratiba ya Jumanne si ya Jumatano.

Chukua siku saba, visiwa viwili au vitatu, na upange kuanzia kwenye maji: kwanza nafasi ya meli, kisha kitanda, treni na basi baadaye. Wengi huanza na tiketi rahisi ya treni kisha wakailazimisha bahari ifuate.

Hapo ndipo huja yule wa "nenda tu, mambo yatajipa." Wakazi wa visiwa vyote hivi pamoja hawazidi sana 26,000. Vyumba vya wageni ni vichache, na vya Julai huwa vimeshachukuliwa tangu majira ya baridi. Nafasi za magari melini nazo huisha mapema, ingawa abiria wa miguu hupata kwa urahisi zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kwa kiburi hicho hicho. Bahari ikachafuka, meli ikaahirishwa, na nikalala kwenye kiti cha plastiki bandarini, begi kichwani, nikisikiliza mashine ya kahawa ikinguruma usiku kucha. "Si kuna sheria ya kulala popote?" Ipo, ya mwaka 2003, na inakuruhusu kupiga hema kwenye ardhi iliyo wazi. Haikuruhusu kulala kwenye mazao ya mtu, na haki hiyo haihusu gari.

Baridi ya kuua? Theluji hadi magotini? Hapana. Maji yenye joto ya Atlantiki huvipunguzia visiwa hivi baridi, theluji hukaa mara chache. Kinachotesa ni upepo, na mvua inayokupiga ubavuni. Mwavuli acha nyumbani. Siku ambayo upepo umelala ndiyo wanayotoka usubi, na hao wana meno. Juni utapata mwanga wa jua kama saa 18, Desemba saa sita na ushei.

La viza nalimaliza haraka. "Nina Schengen, nimemaliza." Hujaanza. Uingereza haimo katika Schengen, na Uskoti haina viza yake peke yake. Mtanzania au Mkenya anayeishi Berlin anaomba ya Uingereza kama ndugu yake aliye Mwanza.

"Jumapili visiwa vyote vimefungwa." Hili lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoponza. Lewis na Harris ni za Wapresbiteri wanaoishika Sabato kweli kweli; wapo ambao hata nguo hawaaniki siku hiyo. Meli ya kawaida ya Jumapili kutoka Stornoway ilianza mwaka 2009 tu, na si wote walioipokea kwa furaha. Kwa hiyo Jumamosi nunua mkate, jaza mafuta. Lakini shuka kusini, Uist Kusini, Eriskay na Barra, umeingia kwa Wakatoliki, na baada ya misa watu wanaendelea na shughuli zao.

Na kwa nini uione Jumapili ya Lewis kuwa siku iliyopotea? Ingia kwenye ibada ya Kigaeli. Hakuna kinanda. Mzee mmoja anatanguliza mstari wa zaburi peke yake, kisha kanisa zima linaupokea, kila mtu akiuzungusha kwa koo lake, wa mbele wakimaliza wa nyuma bado wamo njiani. Sikuelewa neno hata moja na nilitoka vinyweleo vimesimama. Simu iache mfukoni.

Hayo namwambia pia anayedhani utamaduni wa huko ni wanaume wenye sketi na zumari za mfuko. Zumari zipo, tena Uist Kusini wanazipuliza hasa. Lakini nenda kaone kitambaa cha Harris Tweed kinavyofumwa. Sheria ya mwaka 1993 inataka kifumwe na mwenyeji, nyumbani kwake, humo humo visiwani. Kiwanda hakiruhusiwi kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana mtambo uko kwenye banda nyuma ya nyumba. Mfumaji anakanyaga pedali kama mwendesha baiskeli asiyekwenda kokote, chuma kinagonga, harufu ya sufu na mafuta, kikombe cha chai kinapoa dirishani. Yuko kazini. Bisha hodi, na uombe kabla ya kupiga picha.

Nimeliacha la mwisho lile linaloniudhi: "Kigaeli kimekufa, na hata hivyo ni Kiingereza cha shamba." Kigaeli ni lugha ya Kikelti, ndugu wa Kiayalandi, na Kiingereza hakikukizaa wala hakikuzaliwa nacho. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu 70,000 wanaokisema Uskoti nzima, na visiwani humu zaidi ya nusu ya wakazi wanakijua kwa kiasi fulani. Kimepungua, ndiyo. Sheria ya elimu ya 1872 ilijenga shule bila kukipa nafasi, na watoto waliadhibiwa kwa kukisema. Mkenya wa umri fulani, aliyevishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake, anaelewa. Hata Livingstone yule yule wa Ujiji alilelewa kwa hadithi za Kigaeli za babu yake, aliyetoka kisiwa cha Ulva, karibu na Mull. Leo Kigaeli kina televisheni yake tangu 2008 na hadhi rasmi kwa sheria ya 2025. Mabango ya barabarani yanakitanguliza, hivyo andika majina yote mawili kwenye daftari lako: Steòrnabhagh ni Stornoway, Loch Baghasdail ni Lochboisdale.

Sababu ya wageni kudhani kimekufa niliiona dukani Castlebay. Akina mama wawili wa makamo walikuwa wakiongea mbele yangu kwenye foleni, haraka haraka, wanacheka. Waliponiona tu wakahamia Kiingereza. Ni adabu yao: mgeni mmoja akiingia, lugha inamsogelea. Ukikaa wiki nzima kimya na begi lako, utaondoka ukiapa hukukisikia.

Nikajaribu kile kidogo nilichokariri. "Ciamar a tha sibh?" Hujambo, lakini kwa *sibh*, neno la mkubwa au mtu usiyemzoea, kwa rafiki ungetumia *thu*. Aliyekuwa karibu aligeuka mzima mzima, akanimiminia Kigaeli cha dakika nzima. Nikasimama pale na maziwa yangu mkononi. Akanitazama usoni, akaangua kicheko, akanishika mkono, kisha akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba kesho meli haiondoki, upepo unageuka, na kama sina pa kulala usiku wa pili nikaulize sasa hivi, kabla wenzangu hawajasikia.