Injini iliyofufuliwa: thamani iko kwenye daftari, si kwenye rangi

Katika gereji za Kinondoni na Temeke, gari kuukuu la michezo likishapigwa rangi hutafutiwa mnunuzi siku hiyo hiyo. Mwenye gari amekwisha toboka mfuko, fundi anadai salio lake, na dalali anasema mteja yuko njiani. Injini imefungwa juzi na haijatembea hata kilomita 100. Hapo ndipo mtaji wa mtu unapozama, na hapo ndipo biashara hii inapaswa kubadili mazoea.

Mfano unaofaa ni Datsun 240Z. Gari hili si geni kwa watu wa Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Huko nje bei zake zimepanda. Januari 2020, gari moja la aina hiyo la mwaka 1971 liliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Habari kama hiyo ikifika vijiweni, kila mwenye bodi ya Datsun iliyoota kutu hujiona tajiri. Linalosahaulika ni kwamba gari lile lilikuwa limetembea kidogo na lilikuwa na vitu vyake vya asili. Mnunuzi alilipia historia iliyothibitika, si mng'aro wa rangi.

Swali la kwanza la kibiashara ni kama injini ifufuliwe au itupwe. Mafundi wa Dar es Salaam walikuwa mabingwa wa kufufua injini katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, vipuri vilipokuwa adimu kama maziwa ya kuku. Baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, biashara ilianza kufunguka. Baadaye injini zilizotumika kutoka Japani zikajaa sokoni, na ikawa nafuu kubadili kuliko kufufua. Kwa teksi au gari la mizigo hesabu hiyo ni sahihi, kwa kuwa gari lisipotembea haliingizi kitu.

Kwa 240Z hesabu hiyo ni ya hasara. Namba ya injini yake imeandikwa kwenye kibati kilichomo ndani ya boneti, na kadi ya gari nayo hutaja namba ya injini. Akiwekewa injini nyingine, mwenye gari atakuwa amepata usafiri lakini amepoteza sehemu ya mali. Kwa hiyo injini ya asili, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, ndiyo ya kufufuliwa.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kipenyo cha silinda ni milimita 83, na nafasi inayoruhusiwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni kati ya milimita 0.025 na 0.045, yaani pungufu ya unene wa unywele. Ndiyo maana pistoni hununuliwa kwanza, kisha bloku huchongwa kwa kufuata vipimo vya pistoni hizo. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye ananunua viatu bila kujua mguu. Aidha, chembe ya mchanga inayopeperushwa na upepo chini ya mwembe inatosha kukwaruza beringi za krenki. Chumba kilichofungwa na kufagiwa ni sehemu ya gharama za kazi, si anasa.

Injini ikishafungwa, kazi iliyobaki ni kuilea. Oili husukumwa hadi juu kabla ya kuwasha. Siku ya kwanza injini haiachwi ikiunguruma taratibu. Hushikiliwa kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, ili kemu na roka zake zizoeane zikiwa zinapata oili ya kutosha. Kisha oili hiyo humwagwa pamoja na vumbi la chuma, hedi hukazwa tena, na valvu hupimwa injini ikiwa moto: milimita 0.25 kwa zinazoingiza na 0.30 kwa zinazotoa.

Baada ya hapo injini inahitaji barabara. Ringi za pistoni hukaa vizuri pale moto wa silinda unapozisukuma zigusane na ukuta, na hilo hutokea gari linapovuta mzigo kwa kiasi, mwendo ukipandishwa na kushushwa. Injini mpya inayozeeka kwenye foleni ya Kariakoo hupata ukuta laini kama kioo. Ringi hushindwa kushika, na gari huanza kula oili. Safari ya alfajiri ya Jumapili hadi Bagamoyo na kurudi, ambayo ni takriban kilomita 140, ina faida kuliko wiki nzima ya kuzunguka mjini. Oili hubadilishwa tena baada ya kilomita 500, na injini isikamuliwe hadi ifikishe 1,500.

Wapo wanaosema kwamba kusubiri kilomita 1,500 ni kufunga mtaji kwa miezi miwili au mitatu bila sababu. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa aliyekopa fedha za muda mfupi au aliyechukua zamu yake ya upatu. Lakini jibu lake ni kwamba fedha za namna hiyo hazifai kwa biashara hii. Injini iliyouzwa mbichi ikianza kutoa moshi wa buluu mwezi wa pili, mnunuzi hurudi na ugomvi, dalali hukosekana, na fundi hulaumiwa kwa kosa ambalo huenda si lake.

Utaratibu wenye haki upo. Vipuri na kazi ya kuchonga vilipwe mara moja. Sehemu ya ujira wa fundi iwekwe hadi kilomita 1,000, kwa makubaliano ya maandishi, na fundi naye awe na haki ya kulipwa yote ikiwa mwenye gari amekiuka masharti ya kuilea injini. Mnunuzi kwa upande wake adai daftari lenye vipimo vya kila silinda, risiti za pistoni na za mchongaji, tarehe za kubadili oili, na matokeo ya kupima mgandamizo. Silinda dhaifu ikiwa chini ya asilimia 80 ya ile yenye nguvu, bei ishuke au mkono urudi mfukoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa gari la kawaida, daftari linaweza kusubiri. Kwa gari la michezo la miaka ya 1970, asiyekuwa nalo auze kwa bei ya chuma chakavu chenye rangi nzuri, na anayenunua asitoe zaidi ya hapo.