Tasnifu Ikosolewe Mapema
Katika CHI, mkutano wa kimataifa wa watafiti wa uhusiano kati ya binadamu na kompyuta, wanafunzi wa udaktari hutengewa kikao chao. Kila mmoja hueleza utafiti wake ambao haujakamilika, na watafiti wazoefu kutoka vyuo vingine humhoji na kumshauri. Tunaupenda utaratibu huu kwa sababu makosa hutajwa yakiwa bado yanarekebishika. Msimamizi, hata awe hodari, aweza kuizoea kazi ya mwanafunzi wake hata asiuone ufa. Siku ya utetezi ndipo jasho la miaka huporomoka. Kusifu tu si kulea. Vyuo vyetu viwaalike wakosoaji wa nje mapema, nasi wanafunzi tukubali maswali magumu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.